Jinsi ya kulinganisha algorithimu za kutunga sentensi kutoka kwenye sarufi

Kwanza chukua sarufi moja ndogo (yaani orodha ya kanuni za kuunda sentensi), kila algorithimu itumie hiyohiyo, maana ukiibadilisha katikati hutajua tofauti imetoka wapi. Mi naanza na hii (→ maana yake "inageuka kuwa", na | maana yake "au"):

Sentensi → Kundi anacheza
Kundi → mtoto | mwalimu | Kundi na Kundi

Iendeshe mara kadhaa utakutana na "mtoto na mwalimu anacheza", na hapo hakuna algorithimu ya kukuokoa, upatanisho unarekebishwa kwenye sarufi yenyewe: Umoja uende na anacheza, Wingi uende na wanacheza. Ila Kundi la zamani usilifute bado, lina kitu cha kukuonyesha.

Njia rahisi ni kubahatisha kanuni kuanzia juu kwenda chini. Msimbo wake wa programu ni mfupi mno lakini angalia uwezekano wa ile "Kundi na Kundi": ukiupa 0.6, theluthi moja ya majaribio hayaishi milele, na hata ukiupa nusu kamili kila jaribio litaisha lakini wastani wa urefu hauna kikomo, kwa hiyo weka ukomo wa hatua na uhesabu mangapi yamekatwa.

Njia ya pili unahesabu kwanza. Unajaza jedwali la miti mingapi (mti ni mchoro wa jinsi kanuni zilivyotumika kupata sentensi) inapatikana kwa kila alama kama Kundi na kila urefu, halafu unachagua kanuni kwa uzito wa hizo hesabu, na urefu unaupanga wewe. Hii ndo naipenda zaidi, ila inahesabu miti, sio sentensi! Majina matatu yaliyounganishwa kwa "na" yana miti 2, manne yana 5, matano yana 14, kwa hiyo ukichanganya urefu tofauti, sentensi yenye miti mingi inajitokeza kupita kiasi. Dawa yake:

Wingi → Umoja na Umoja | Umoja na Wingi

Sasa kila sentensi ina mti mmoja tu.

Njia ya kuorodhesha sentensi zote fanya kwa urefu mdogo tu, zinalipuka haraka, ila orodha hiyo inafaa sana kuhakiki jedwali lako. Na kama shida yako ni kujaribu parsa (programu inayochambua sentensi kwa kufuata sarufi), tumia njia ya Purdom ya 1972, inatoa sentensi chache fupi zinazogusa kila kanuni.

Ukishaziendesha zote linganisha zilizokatwa, mtawanyiko wa urefu, zilizojirudia, na kanuni ambazo hazikuguswa kabisa, hii ya mwisho wengi wanairuka wakati ndo inayofichua kubahatisha kunaacha nini.