Somo: kuchoma sindano za kupandisha kinga nyumbani wakati wa kemo, na kuishi na maudhi yake

Somo hili ni la mgonjwa na la anayemuuguza pia, hasa wewe uliyekabidhiwa sindano kwenye mfuko ukaambiwa kachome nyumbani, kwa sababu umetoka Songea au Kigoma kufuata kemo (dawa za kuua kansa) Ocean Road, hospitali ya kansa, na huwezi kukaa Dar kila siku kwa ajili ya kuchomwa tu. Mimi namuuguza mama yangu, kansa ya titi, yuko kwenye ile dawa ya kemo yenye rangi nyekundu, na sindano zake namchoma mwenyewe. Naandika nilivyofundishwa na manesi na ninavyoona hapa nyumbani. Daktari wako akikwambia tofauti na haya fuata lake, yeye ndo anajua dawa zako na damu yako.

KABLA YA YOTE, JUA INAFANYA NINI

Kemo inaua chembe zinazogawanyika haraka, za kansa na zako nzima pia, na kwenye uboho wa mifupa chembe za damu zinatengenezwa usiku na mchana kwa hiyo uboho unapigwa vibaya. Zinazoanguka mapema ni nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazokula bakteria, maana zenyewe zinaishi muda mfupi sana. Kwa dawa nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Sasa sindano yenyewe ni protini ambayo mwili unaitengeneza kwa asili, kazi yake ni kuuambia uboho utengeneze nyutrofili haraka. Ya kila siku inaitwa filgrastimu, ilianza kutumika 1991, na ile ya mara moja tu kwa kila mzunguko ni pegfilgrastimu, hii ilikuja 2002.

Tunaziita sindano za kinga na hapo ndo watu wanaponzeka, mtu akishachomwa anajiona kakingwa anaenda kwenye shughuli kukumbatiana na watu mia. Hapana jamani. Haikulindi siku hiyo hiyo, inafupisha tu zile siku ambazo uko wazi. Na haipandishi damu nyekundu wala chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa hiyo kama unasikia kizunguzungu na moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi au fizi zinatoka damu, usiseme ngoja sindano ifanye kazi, hilo ni jambo jingine, rudi ukapimwe.

HATUA YA 1: MUDA

Usichome siku ya kemo. Subiri angalau saa 24 zipite tangu dripu imalizike. Sababu ni kwamba sindano inaziamsha chembe zigawanyike, na kemo inatafuta chembe zinazogawanyika, ukizichanganya unakuwa umeita chembe zako nzuri zije kuuawa. Kwa pegfilgrastimu wanataka pia zibaki siku 14 kabla ya kemo inayofuata.

Za kila siku chagua saa moja, sisi tunachoma saa mbili usiku ili yale maumivu ya mwanzo yampate akiwa amelala. Na usikatishe mwenyewe kwa sababu umepima FBP (kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ukaona nyutrofili zimepanda. Hii inawachanganya wengi: siku mbili za mwanzo namba inaweza kuruka juu maana zile zilizokuwa akiba zimetoka nje, halafu inashuka kweli kweli, halafu ndo inapanda ya ukweli. Ukikatisha sindano kwenye ule mruko wa kwanza umekatisha kabla namba haijashuka bondeni. Anayesema basi ni daktari.

HATUA YA 2: KUTUNZA

Friji, nyuzi 2 mpaka 8. Weka rafu ya katikati, sio mlangoni na sio kugusana na friza, ikiganda usiitumie kabla ya kumuuliza mfamasia. Ukisafiri nayo tumia deli dogo au chupa ya chai ya mdomo mpana, barafu chini, kitambaa kinene katikati, dawa juu ikiwa kwenye boksi lake. Isigusane na barafu. Na usiitikise, hii ni protini inaharibika ukiipiga piga.

HATUA YA 3: KUCHOMA

Itoe kwenye friji nusu saa kabla, iache mezani yenyewe, usiiweke kwenye maji moto wala juani. Ya baridi inauma zaidi. Iangalie kwenye mwanga, iwe angavu kama maji bila vipande, soma tarehe, soma kipimo, maana kuna mikrogramu 300 na kuna 480 na maboksi yanafanana. Nawa mikono kwa sabuni.

Sehemu ni tumbo lakini acha vidole vitatu au vinne kuzunguka kitovu, au paja kwa mbele, au nyuma ya mkono wa juu kama kuna mtu wa kukuchoma. Mama yangu alitolewa tezi za kwapa upande mmoja kwa hiyo mkono ule hatuugusi kabisa. Badilisha sehemu kila siku, leo kushoto kesho kulia, usichome kwenye kovu, alama ya kuvilia damu au panapouma. Pangusa kwa pamba ya spiriti, ACHA IKAUKE, usipopaacha pakauke ndo pale unasikia moto. Finya ngozi iinuke, ingiza sindano yote kwa mkono mmoja bila kusitasita, sukuma dawa taratibu, hesabu mpaka kumi, toa. Bonyeza kwa pamba kavu, usisugue. Sindano iliyotumika usiifunike tena, itumbukize kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko kama ya sabuni ya maji au jiki, ikijaa irudishe hospitali. Usitupe jalalani, wapo watoto na wapo wanaookota chupa.

HATUA YA 4: MIFUPA

Hili ndo linaloliza watu. Kiuno, nyonga, mapaja, kifua katikati, na wengine mpaka taya. Unaumwa pale ambapo uboho ni mwingi, umejaa na unasukumwa kufanya kazi, sio kansa imehamia kwenye mifupa, na naliandika hili wazi kwa sababu mama yangu usiku wa kwanza alinishika mkono akaniuliza hivyo hivyo, imefika kwenye mifupa? Kwa wengi inaanza siku moja au mbili baada ya kuchomwa na inaondoka ndani ya siku chache. Maumivu yasiyoondoka hata sindano zikiisha, hayo yaseme kliniki.

Kinachosaidia: paracetamoli, ila soma hatua ya 5 kabla hujameza. Kuna madaktari wanaompa mgonjwa loratadini, ile ya mafua ya mzio, kuanzia siku ya sindano, wengine inawasaidia sana na wengine haiwafanyi kitu, muulize wako. Maji ya uvuguvugu kiunoni. Kutembea kidogo uani, kulala tu siku nzima kunakaza mwili. Diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie, zinaweza kuumiza figo na kama chembe sahani ziko chini unaweza kuvuja damu.

HATUA YA 5: THEMOMITA

Kama una hela ya kitu kimoja tu nunua themomita, kabla ya juisi ya rozela, kabla ya bitiruti, kabla ya asali. Pima asubuhi na jioni na kila ukijisikia baridi au kutetemeka, na pima KABLA ya kumeza paracetamoli, kwa sababu paracetamoli inashusha joto na inakuficha maambukizi yakiwa yanaendelea ndani.

Nyuzi 38 au zaidi, unaondoka kwenda hospitali, iwe saa tisa usiku, iwe sikukuu. Nyutrofili zikiwa chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, bakteria wanaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache, na anatakiwa antibayotiki ya mshipa haraka, hospitali zinalenga ndani ya saa moja tangu afike. Sisi huku kwetu homa ni malaria, ndivyo tulivyolelewa, mtu anapita duka la dawa ananunua mseto analala. Mgonjwa wa kemo hapana. Malaria watampima, ndio, lakini hukohuko hospitali na huku antibayotiki inaingia, na hata ikionekana malaria bado atapimwa damu. Mlangoni usiseme "ana homa", sema "yuko kwenye kemo, siku ya tisa, ana 38.4". Watakuelewa tofauti. Kadi yake ya kliniki ikae mlangoni pamoja na namba ya bodaboda au teksi mnayemwamini.

Kitu kingine cha kukukimbiza hospitali: maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu au kwenye ncha ya bega la kushoto, hiyo inaweza kuwa bandama imevimba na ni nadra lakini inaweza kupasuka. Kupumua kwa shida. Uso kuvimba, vipele mwili mzima mara baada ya kuchomwa. Mkojo kuwa mweusi.

Chakula nitapita haraka: cha moto kilichoiva, maji ya kuchemsha, maziwa ya kuchemsha, kachumbari ya mgahawani acha kwanza, matunda menya mwenyewe. Mtoto mwenye tetekuwanga asilale chumba kimoja na mgonjwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti wa Eldoret: Sasa dada, asante kwa somo. Mamangu anadungwa ya kila siku, ni ya tatu leo, usiku analia na miguu hadi nasikia vibaya. Kwa duka la dawa wamenipea diclo, nimpe ama?
Jibu: Pole sana mpenzi, mpe pole mama. Usimpe kwanza. Mpime joto, kama liko chini ya 38 mpe paracetamoli kwa kipimo chake, na asubuhi piga simu kliniki uwaambie diklofenaki umepewa, wao wanajua figo zake zikoje na chembe sahani zikoje. Waulizie na loratadini. Kama bado analia baada ya hapo wana dawa za maumivu za nguvu zaidi, msivumilie kimya.

Kaka mkubwa, Mwanza: Mdogo wangu ana sikoseli na sasa amekutwa na limfoma, kansa ya tezi, tuko hospitali ya Bugando. Ameandikiwa hizi sindano. Kuna shida?
Jibu: Kaka hapa simama. Kwa mwenye sikoseli hii dawa inaweza kuleta krisi kali, yaani sikoseli kumpanda ghafla, na wapo waliofariki, imeandikwa kwenye karatasi ya dawa. Usichome hata moja mpaka daktari wa kansa akuthibitishie kwamba anajua kuhusu sikoseli. Wakati mwingine mtu huyu anajulikana kliniki ya damu lakini faili la kansa halina habari hiyo. Nenda leo na kadi zote mbili. Na yeyote asiyejijua hali yake ya sikoseli na kwenye ukoo ipo, aseme kabla ya kuanza.

Mama Wawili: Umeme ulikatika jana saa kumi jioni ukarudi leo asubuhi. Dawa bado nzuri?
Jibu: Friji halikufunguliwa funguliwa? Kama ndani palibaki baridi nina matumaini. Karatasi za filgrastimu nyingi zinaruhusu kukaa nje kama siku moja lakini wanahesabu chumba cha nyuzi 25, na chumba cha Dar mwezi wa pili sio nyuzi 25. Soma karatasi ya dawa yako, mpigie mfamasia umwambie masaa kamili. Ikiwa na ukungu au vipande usichome. Wakati mwingine mwachie jirani mwenye jenereta.

Mume wa mgonjwa: Shikamoo. Ndugu wananiambia hii sindano inalisha kansa, ikiamsha chembe inaamsha zote. Nimeogopa.
Jibu: Marahaba baba. Inasukuma familia ya nyutrofili, na kwa kansa kama za titi haijaonekana kulisha uvimbe, zaidi ya miaka thelathini inatumika. Ukweli wote nikupe: kwa wagonjwa wa titi na wa mapafu wanaopata kemo au mionzi, watengenezaji wameandika kwamba kuna ongezeko dogo la hatari ya kansa ya damu miaka ya baadaye, ni dogo lakini lipo. Upande wa pili wa mizani ni maambukizi ya wiki hii. Kwa kansa za damu zenyewe daktari anapima kivyake. Mwulize mbele ya hao ndugu, wasikie wenyewe.

Neema: Nimesahau ya jana, leo nichome mbili?
Jibu: Hapana, moja. Piga simu uwaambie, watakwambia kama wanaongeza siku mbele.

Mdau wa Tabora: Hapa dawa ni ya India, bei nusu ya ile ya Ulaya. Feki?
Jibu: Kuwa ya India sio feki. Nakala za filgrastimu zilizopimwa na kukubaliwa zipo tangu 2008 huko Ulaya na Marekani wakaruhusu ya kwanza 2015, ndo maana bei imeshuka. Angalia imesajiliwa na inatolewa kwenye friji. Akiitoa kwenye droo achana nayo hata iwe bure.

Mama Wawili: Narudi tena, kemo ya mwisho imeisha namshukuru Mungu, nimebakiwa na sindano mbili. Jirani yangu ana mgonjwa hana hela, nimpe?
Jibu: Hongera mama! Moyo wako mzuri, lakini usimpe mkononi. Kipimo kinaendana na uzito wake na muda unaendana na kemo yake, na labda hata sio wa kupewa kabisa. Zipeleke na boksi lake na karatasi kwa mfamasia wa hospitali, mwambie zimekaa wapi na zile saa ambazo umeme ulikatika usifiche, yeye ndo aseme kama bado zinafaa au zitupwe. Na huyo jirani mwambie aende ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini akiwa na barua ya serikali ya mtaa, aeleze hali yake kabla ya mzunguko ujao sio siku ya kemo yenyewe.