Mambo ya kuzingatia kabla hujaenda kuishi nchi inayonukia vita

Tuanze na yale ambayo kila mtu anayajua, tuyamalize haraka. Pasipoti iwe na muda wa kutosha, si miezi miwili iliyobaki. Kadi ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti. Viza isome mpaka maandishi madogo. Nakala ya kila kitu iwe kwenye karatasi, na nyingine kwenye barua pepe unayoikumbuka nywila yake. Kama haya bado ni mageni kwako, ahirisha safari.

Bima, fungua ukurasa wa mambo wasiyolipia. Bima nyingi za safari zinaiweka vita humo, kwa hiyo usijidanganye kwamba kuna kampuni itakutumia helikopta.

Pasipoti yako ikae kwako. Mwajiri akikuambia ataitunza kwenye kabati lake, jua umeshaanza vibaya. Mabomu yalipozidi Lebanon mwaka 2024, wapo wafanyakazi wa ndani kutoka Afrika walioachwa na mabosi wao, wengine wamefungiwa ndani, wengine wakilala barabarani Beirut, na pasipoti zao hawakujua ziko wapi.

Jiandikishe ubalozini. Usiseme utakwenda wiki ijayo. Mimi nilikaa Khartoum, mji mkuu wa Sudan, mwaka mzima na zaidi nikitengeneza viyoyozi na majokofu, na siku zote niliona mambo ya kujiandikisha ni ya wanafunzi. Wanafunzi wa Kitanzania walikuwa wengi kule, na walikuwa na umoja wao, na orodha yao. Mapigano yalipoanza Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023, orodha ile ikawa na thamani kuliko dola. Mwisho wa mwezi Watanzania zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi, waliondolewa kwa njia ya Ethiopia na kurudishwa Dar es Salaam. Jina langu halikuwa popote. Nani atamtafuta mtu ambaye hajui kama yupo? Na kama nchi unayokwenda haina ubalozi wetu, uliza mapema ni ubalozi upi wa nchi jirani unaoihudumia, andika namba yake.

Njia ya kutokea. Hapa watu wengi wanafikiria uwanja wa ndege tu. Uwanja wa Khartoum ulishambuliwa siku ile ile ya kwanza, ndege zikaungua zimeegeshwa. Ukraine ilifunga anga yake siku Urusi ilipoivamia, tarehe 24 Februari 2022. Hata Qatar, ambayo wengi wetu tunapita tu kubadilisha ndege, ilifunga anga kwa saa kadhaa tarehe 23 Juni 2025 makombora ya Iran yalipokuwa yanaelekea kambi ya Wamarekani. Kwa hiyo tafuta ramani ya barabara. Jua mpaka ulio karibu, unaitwaje, unapita miji gani kuufikia. Sisi ilikuwa Wad Madani, Gedaref, kisha Gallabat upande wa Sudan na Metema upande wa Ethiopia. Majina hayo manne niliyajua siku ya tano ya vita, kwa kuuliza jirani. Uyajue wewe siku ya kwanza ukiwa bado unakunywa chai kwa amani.

Pesa taslimu, noti ndogo ndogo, zigawe sehemu tatu mwilini. Benki zitafungwa na programu za kulipia kwa simu zitakwama. Utakayemkuta anauza kiti kwenye basi hatapokea ahadi.

Sasa tuje kwenye simu. Hapa kaa, sitaki uniruke.

Tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, watu wa Afrika Mashariki tuliokuwa Khartoum. Kwa kawaida lilikuwa kundi la kuuliziana nani ana mchele na nani amesikia chumba cha kupanga. Mapigano yalipoanza likageuka bunge. Wapo waliosema Jenerali Burhan ndiye mwenye nchi kwa sababu ndiye mwenye jeshi. Wapo waliosema Hemedti na RSF yake, kile kikosi cha wapiganaji kilichokuwa kinapigana na jeshi, wamechokozwa. Mimi, ambaye siasa za Sudan nilizijua kwa kusikiliza wateja wakilalamika huku nafungua kompresa, nikawa mchambuzi. Nilituma ujumbe wa sauti wa dakika mbili nikimshambulia mmoja wa majenerali hao. Mtu akatengeneza stika ya jenerali yule ana kichwa cha punda. Nikacheka, nikaituma tena. Moyoni nilikuwa na kinga moja niliyoiamini sana: naongea Kiswahili, nani ataelewa?

Siku ya sita, ikiwa bado Ramadhani, niliondoka kusini mwa jiji na basi la wafanyabiashara, nauli tumelipa kwa dola. Kizuizi cha kwanza tulipita. Cha pili tulipita. Cha tatu walitushusha wanaume wote, wakasema simu mkononi, nywila zimefunguliwa. Sisemi walikuwa wa upande gani. Bado nina rafiki Omdurman, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Khartoum.

Aliyechukua simu yangu alikuwa kijana wa miaka kama kumi na tisa, midomo imempasuka kwa funga, bunduki ameining'iniza begani kama mkoba wa shule. Hakwenda kwenye ujumbe. Alikwenda kwenye picha. Na huko nilikuta kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: kila video iliyotumwa kwenye kundi ilikuwa imejihifadhi yenyewe kwenye picha zangu. Vifaru. Moshi juu ya daraja. Maiti barabarani. Mimi sikupiga hata moja, nyingine sikuwa nimezifungua. Lakini kwa yule kijana zilikuwa zimekaa katikati ya picha zangu za kompresa na za harusi ya dada yangu, na alichoniuliza ni hiki tu: unampigia nani picha za jeshi?

Nilikuwa sijamaliza kujieleza akaiona stika. Punda hahitaji mkalimani. Akarudi nyuma kwenye kundi, akabonyeza ule ujumbe wangu wa sauti, akaongeza sauti. Jaribu kujisikia ukiwa umepiga magoti kwenye changarawe ya moto, sauti yako mwenyewe inatoka kwenye simu iliyo mkononi mwa mtu mwenye bunduki. Nilisikia maneno yangu kama ya mtu mwingine. Nilikuwa nimesema huyu ni haini, damu ya raia iko shingoni mwake, wakati utamhukumu. Basi hesabu mwenyewe ni maneno mangapi hapo tuliyachukua kwa Waarabu. Haini aliipata. Damu aliipata. Raia aliipata. Hukumu aliipata. Alisimamisha sauti, akayarudia yale maneno moja moja akinitazama, kwa matamshi mazuri kuliko yangu. Lugha niliyojifichia ilikuwa imejaa madirisha.

Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Basi zima lilisubiri kwa ajili yangu, na wale akina mama mle ndani walikuwa na haki ya kunichukia. Kilichoniokoa ni dereva, mzee mmoja ambaye alishuka mara nne kwenda kuniombea, akiwaambia mimi ni mgeni mjinga ambaye kichwani mwake hakuna kitu isipokuwa mafriji. Sijawahi kutukanwa nikashukuru namna ile. Mwisho wakanirudisha ndani ya basi bila simu na bila dola zilizokuwa mfukoni. Zilizokuwa ndani ya soksi zilibaki, ndiyo maana nimekwambia sehemu tatu.

Kwa hiyo fanya haya kabla hujaondoka nyumbani, si siku risasi zikianza. Zima WhatsApp isihifadhi picha na video zenyewe kwenye simu. Makundi ya siasa yaache uwanja wa ndege, jitoe kabisa, wala usiyafiche tu. Namba muhimu ziandike kwenye karatasi, kwa sababu simu ikienda inakwenda na watu wako wote. Mimi nilifika Gedaref nikiwa na namba moja tu kichwani, ya mama, kwa sababu hajawahi kuibadilisha. Na ukitaka kufuta vitu, futa mapema. Simu iliyofutwa kila kitu asubuhi ile ile nayo inatiliwa shaka. Acha picha za familia, za kazi, za chakula, simu ionekane ni ya mtu.

Na usidhani haya ni ya Sudan peke yake. Urusi ilipitisha sheria mwezi Machi 2022, kusambaza kile inachokiita taarifa za uongo kuhusu jeshi lake kunaweza kukupeleka jela mpaka miaka 15. Ukraine nayo mwezi huo huo ikafanya kutangaza mienendo ya majeshi yake kuwa kosa la jinai. Umoja wa Falme za Kiarabu una sheria ya uvumi na makosa ya mtandao ya mwaka 2021, na ukiwa Dubai inakuhusu hata kama unaandikia watu wa Kigoma. Ukikamatwa, dai ubalozi wako upewe taarifa. Haki hiyo imo kwenye Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, ibara ya 36. Ila kwenye kizuizi cha barabarani usianze kumtajia mtu ibara.

La mwisho kubwa linahusu watu wa nyumbani, na hili halikosi kuleta ugomvi nikilisema.

Pale Gedaref nilipewa hifadhi kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Nikaazima simu, nikamtumia mama ujumbe wa sauti: niko salama, niko nyumba ya mtu fulani karibu na soko, tunaondoka alfajiri na basi la rangi fulani. Mama akampa baba mdogo. Baba mdogo, kwa uchungu wake, akautupa kwenye kundi la ukoo. Kabla ya usiku wa manane sauti yangu ilikuwa kwenye makundi nisiyoyajua, ina kichwa cha habari juu, na chini yake watu wanatoana macho. Hawa wanasema serikali imetutelekeza. Wale wanasema tulikwenda kwa hiari yetu, tujirudishe wenyewe. Wapo waliokuwa wanahesabu kura za 2025 kwa kutumia mgongo wangu. Ujumbe ukazunguka mpaka ukarudi Sudan kwa Mtanzania mmoja, naye akamwonyesha mwenye nyumba, ambaye jina lake lilikuwa limetajwa humo na mtaa wake. Alitutoa saa nane usiku. Simlaumu. Tulikaa hadi alfajiri kwenye ukuta wa msikiti, watu sita na ndoo moja ya maji.

Sasa sikuambii ndugu zako wanyamaze. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, na kuiuliza serikali watoto wetu wako wapi ni swali halali kabisa, liulizwe bungeni, redioni na vijiweni. Kelele zinasaidia. Wanafunzi wa Kiafrika waliozuiwa mipakani wakikimbia Ukraine walipiga video, wakasema hadharani, na tarehe 28 Februari 2022 Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kukemea ubaguzi ule. Wangenyamaza wasingesikiwa. Tofauti ni kwamba wao waliamua wenyewe wakiwa pale waseme nini na waonyeshe nini. Mimi niliamuliwa na baba mdogo.

Kaa na watu wako kabla ya kuondoka, muwekane sawa. Mchague mtu mmoja tu wa kupokea habari zako, asiwe mwenye hasira za karibu. Huyo ndiye atakayepeleka jina, namba ya pasipoti na mahali ulipo kwa Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini. Wengine waambiwe yuko salama, basi. Anayetaka kuisema serikali aiseme kwa jina lake, si kwa sauti yako. Njia unayopita, aliyekuhifadhi na saa ya kuondoka visitajwe mpaka umevuka. Na mwenye hamu ya kutangaza idadi ya waliokufa aliyoisikia kwa jirani akumbuke tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na taarifa ya uongo ni kosa humo. Utavuka mpaka salama ukute baba mdogo ndiye yuko kituo cha polisi.

Mengine ni madogo madogo. Viatu vya kufunga, si kandambili. Betri ya akiba ijae usiku, kila usiku, hata kama umeme upo. Nguo yoyote yenye rangi ya kijeshi au mabaka mabaka iache kwa mdogo wako. Usimbebee mtu mzigo uliofungwa tayari. Usiazime simu ya mtu kizuizini wala usimwazime yako. Ukiulizwa unaunga mkono nani, unaunga mkono kufika nyumbani. Usikae dirishani. Usishuke kupiga picha gari lililoungua, hata kama wengine wanashuka. Dereva akisema tulale hapa, laleni, na akisema tuondoke sasa hivi, acha hata chai.