Kuchagua na kuhifadhi matunda yasipoteze virutubisho

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitolea maembe yaliyokaa kwenye friji siku sita. "Dada, nilidhani baridi inayatunza." Ganda lilikuwa na madoa ya kijivu, nyama bado ngumu, harufu hakuna. Hata mimi nilitupa matunda mengi kabla sijajua sababu.

1. Chagua. Chukua lililo zito kulingana na ukubwa wake, linukie penye kikonyo. Mikwaruzo ya juu haina neno. Palipopondeka ndipo ukungu unapopenya, na vitamini C hupotea haraka zaidi.

2. Tenga mafungu mawili. Usiruke hatua hii. Embe, ndizi, parachichi na papai huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Chungwa, limau, zabibu, stroberi na nanasi haziendelei: nanasi likichumwa chachu, ganda litageuka njano lakini sukari haitaongezeka. Hizo nunua zikiwa tayari.

Fungu la kwanza likiwa bichi lisiguse friji, maana baridi hulidhuru na kulizuia kuiva. Livundike kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu au tufaha, ambavyo hutoa gesi ya ethilini inayoivisha. Mfuko wa plastiki siutaki kabisa: matunda hutoa jasho, ukungu unafuata. Kagua kila siku kwa kubonyeza taratibu na kiganja. Kidole gumba huacha jeraha. Lakini embe changa halivundikiki, litasinyaa tu. Lililokomaa mabega yake yamejaa na kuinuka pembeni mwa kikonyo. Likishaiva, sasa friji inafaa, siku mbili tatu. Tufaha lenyewe hukaa vizuri kwenye friji, ila liweke mbali na mengine, gesi yake isiyaharakishe.

3. Usioshe mapema. Osha unapotaka kula. Unyevu huozesha, stroberi hasa.

4. Tikiti maji zima liache nje ya friji. Laikopini, ile rangi yake nyekundu yenye faida mwilini, huzidi kuongezeka kwenye joto la chumbani. Ukishalikata, liingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu ulikate.

5. Kata unapokula. Hewa na mwanga hula vitamini C. Na tafadhali, kula tunda lenyewe kuliko kuchuja juisi. Nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye makapi unayotupa.