SOMO: Nyuzinano za algineti za kubebea dawa ya kumeza (soma kabla ya kuuliza)

Swali la "mkeka wangu umeyeyuka" nimelijibu hadi nimechoka (mkeka ni tabaka la nyuzi nyembamba mno zilizosokotwa kwa umeme). Naliweka hapa lote. Hii ni kazi ya maabara, si dawa ya kumpa mtu.

1. Yeyusha algineti ya sodiamu (polima ya mwani) na polietilini oksaidi (polima inayosaidia kusokota) kwenye maji, 70 kwa 30, jumla asilimia 4 hivi. Algineti peke yake haisokotiki. Minyororo yake ina chaji na inasukumana.
2. Tia poloksama 407 (kipunguza mvutano wa uso wa maji) kidogo, kisha dawa. Koroga usiku kucha.
3. Subiri mapovu yaishe.
4. Sokota kwa umeme: sirinji, sindano butu, kilovolti 10 hadi 15, sentimita 15 hivi hadi kwenye bati la kupokea nyuzi. Zima umeme kabla ya kugusa chochote.
5. Kufunga kwa kalsiamu, yaani kuunganisha minyororo ya algineti ili isiyeyuke kwenye maji. Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Mkeka ukitoka kwenye mashine bado ni algineti ya sodiamu, na maji yanaumaliza papo hapo. Ukiuchovya kwenye kalsiamu kloraidi ya maji, nyuzi zinavimba na kugandana kabla kalsiamu haijazishika, unabaki na utando wa jeli. Yeyusha kalsiamu kloraidi kwenye ethanoli. ONYO: dawa inayoyeyuka kwenye ethanoli itahamia humo, nawe utakuwa umefunga mkeka mtupu. Pima dawa iliyohamia kwenye ethanoli ujue iliyobaki kwenye mkeka. Usihesabu ile uliyotia hatua ya 2. ONYO la pili: polietilini oksaidi haifungwi na kalsiamu. Ikitoka kwenye maji uzito utashuka, usiseme ni dawa imetoka.
6. Kausha, kisha jaribu dawa inavyotoka kwa nyuzijoto 37: saa 2 kwenye asidi ya pH 1.2 (kama tumboni), halafu bafa ya fosfeti (kimiminika kinachoshikilia pH) ya pH 6.8 (kama utumboni).

Haraka: Mkuu, sina ethanoli, maji yanafaa?

Hatua ya 5.

Haraka: Nimeisoma, nauliza tu kama nikichovya haraka haraka.

Haraka yako haiishindi ya maji.

Mdadisi: Somo zuri mwalimu. Mkeka wangu hauyeyuki kwenye asidi, lakini dawa inatoka. Inakuwaje?

Swali zuri hili. Kwenye asidi algineti inageuka asidi ya algini, isiyoyeyuka, ndiyo maana mkeka unabaki mzima. Lakini nyuzi ni nyembamba mno: molekuli ndogo ina safari fupi sana hadi nje, na asidi inapita katikati ya nyuzi. Kubaki kwa mkeka si kinga ya dawa. Kwenye 6.8 mambo ni mengine: sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu, fosfeti inaikamata kalsiamu yenyewe, nyuzi zinavimba na kufumuka. Kama dawa yako haivumilii asidi, weka mkeka ndani ya kapsuli inayofunguka utumboni.

Mdadisi: Na kitosani je, ingefaa?

Kitosani, polima itokanayo na magamba ya kamba na kaa, ni kinyume: inayeyuka kwenye asidi, ila inanata vizuri kwenye ute wa utumbo. Wapo wanaopaka kitosani juu ya algineti, chaji zao zinavutana.

Mnato: Nyongeza: mkipata shanga (vitone vitone) badala ya nyuzi, ongezeni polietilini oksaidi kabla ya kuongeza volti. Na siku ya unyevu mwingi hewani msisokote, nyuzi zinafika kwenye bati bado mbichi.

Kweli kabisa. Na mkeka uhifadhiwe pakavu. Dawa iliyonaswa bila fuwele ikipata unyevu inarudia fuwele zake.