Jinsi ya kumbadilishia pozi Space Marine bila kuharibu deraya yake

Ukifungua boksi la Space Marine, vile visanamu vya plastiki vya askari wa deraya vya kuunga mwenyewe vya mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000, hawa wa kampuni ya Games Workshop kule Nottingham, Uingereza, unakuta miguu mingi imeshapangiwa pozi kiwandani, ukiwasimamisha kumi mezani wanafanana kama wamepigwa muhuri. Watu wengi wanakimbilia mikono, wanageuza bunduki huku na huku, na bado jamaa kasimama kama nguzo ya umeme. Pozi linaanzia nyonga jamani, mikono ni ya mwisho.

Kwa hiyo kabla hujagusa kisu simama mbele ya kioo, shika fagio kama bunduki, weka mguu mmoja juu ya stuli alafu ujiangalie. Nyonga ya mguu uliobeba uzito inapanda, bega la upande huohuo linashuka kidogo, kichwa kinaelekea unakolenga. Jipige picha, hiyo ndo ramani yako.

Sasa goti. Usipitishe msumeno kwenye bati la deraya, pita pale nyuma ya goti penye mikunjo mikunjo kama bomba la mpira, sababu hapo ndo utaweza kuziba baadaye mtu asijue. Tumia msumeno mwembamba wa modeli, kisu kinaisukuma plastiki pembeni na kinaacha kingo zimevimba. Ukitaka goti likunje zaidi, chonga kipande cha umbo la V upande wa nyuma, kidogo kidogo huku unajaribishia, maana ukichonga kingi huwezi kukirudisha. Na ukishabadilisha goti au nyonga, unyayo haulali tena chini, kwa hiyo na kifundo cha mguu lazima ukikate ukigeuze. Mi mguu wangu wa kwanza niliugundisha kabla ya kuangalia unyayo, kisigino kikabaki hewani, nikaukata upya wote.

Nyonga nayo ukishaikata, toboa kwa drili ya mkono ya milimita 1, ingiza kipande cha waya wa klipu ya karatasi, shikiza mguu kwa Blu Tack, ile gundi laini kama udongo inayobandukika, uuzungushe mpaka uridhike, ndo ugundishe. Gundi ya plastiki inayeyusha plastiki mbili zikashikana kuwa moja, ila haizibi pengo wala haishiki waya, waya unataka supaglu.

Mapengo yazibe na Green Stuff, ule udongo wa epoksi wa bluu na njano, ukande mpaka usione mstari wa njano hata mmoja. Lowesha vidole na kifaa kwa maji usinate. Ujaze nyuma ya goti, uache ukaze kidogo, kisha kwa mgongo wa wembe bonyeza mistari ifuate ile mikunjo ya kiwandani. Mimi hapa natumia muda mwingi kuliko kote, mikunjo ikiungana vizuri huoni kabisa palipokatwa. Uache mpaka kesho yake ndo upige msasa.

Mikono sasa ni rahisi. Kama bunduki inashikwa kwa mikono miwili, jaribishia yote miwili na Blu Tack kwa pamoja, ukisogeza mmoja tu ule mwingine haufiki, hapo kata kiganja kwenye kifundo ukizungushe. Pengo la begani lisikutishe, kinga ya bega ni kubwa, inafunika.