Ukitembezwa mji mkongwe wa Ujerumani na mwenyeji: ushauri wa seremala wa Nakuru

Binti yangu anasomea uuguzi jimbo la Sachsen-Anhalt, Ujerumani. Nilipokwenda kumwona Septemba iliyopita, mama mwenye nyumba anayopanga alijitolea kunitembeza Quedlinburg, mji aliozaliwa. Tangu nirudi, wazazi wenzangu hapa Nakuru wenye watoto huko wananiuliza swali moja: utashindaje siku nzima na bibi wa Kijerumani ambaye hamwelewani lugha? Nitaeleza nilivyofanya, na nilipokosea pia.

Viza na bima mtoto atakuelekeza. Zawadi, beba majani ya chai ya Kericho. Mursik iache nyumbani, maana abiria anayetoka kwetu haruhusiwi kuingiza maziwa wala nyama katika nchi za Umoja wa Ulaya. Kisha, kabla hujapanda ndege, nenda Hyrax Hill, pale penye mabaki ya kale hapa Nakuru. Usicheke. Nimepita pale kwa matatu miaka thelathini bila kushuka, na swali la kwanza la yule mama lilikuwa mji wetu una mambo gani ya kale. Nikabaki kumsimulia flamingo. Laiti ningejua hata kwamba Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alianza kuchimba pale mwaka 1937 akakuta makaburi na makazi ya watu wa zamani, tungekuwa na pa kuanzia.

Halafu saa. Akisema saa nne ni saa nne. Mimi nilifika saa nne na dakika kumi na mbili, nikamkuta mlangoni, koti mwilini, mkoba begani. Hakunigombeza, ila mpaka adhuhuri alikuwa hatua tatu mbele yangu. Jumatatu usiombe kutembezwa, makumbusho mengi hufungwa. Vaa viatu vya soli nene kwa sababu vichochoro vya miji hiyo ni mawe matupu, na uwe na sarafu za choo mfukoni. Mwite Frau, yaani Bi., pamoja na jina la ukoo hadi mwenyewe akuruhusu vingine. Mimi nilishamwita "mama" mara mbili kabla binti yangu hajanifinya.

Sasa tuingie mjini. Quedlinburg ina nyumba za fremu za mbao zaidi ya 2,000, na tangu 1994 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ukimwachia mwenyeji atakupandisha moja kwa moja mlimani, kwenye kanisa alikozikwa mfalme Heinrich wa Kwanza aliyefariki mwaka 936. Utapanda tu, ni pazuri. Lakini mwombe kwanza akuonyeshe kitu kinachogusa kazi yako, uwe mkulima, mshonaji au dereva. Mimi nilimwonyesha viganja vyangu, nikaiga kupiga randa. Akageuza njia, tukaenda Wordgasse, kwenye nyumba ya karne ya 14 ambayo sasa ni makumbusho ya ujenzi huo wa mbao.

Hapo ndipo nilipopotea. Nguzo zinapanda kutoka chini hadi paani, nzimanzima. Ulimi wa boriti umeingia kwenye tundu la nguzo, kisha kigingi cha mbao kimepigwa kupita vyote viwili. Karne zote hizo, na mimi nina wateja wanaorudisha meza baada ya miaka miwili! Huko mitaani, mwombe akuonyeshe pia alama zilizochongwa kwa patasi kwenye maungio, mistari kama namba za Kirumi. Mafundi walikata fremu nzima ikiwa imelala chini, wakaipa kila mbao namba yake, ndipo wakaisimamisha. Mimi hutumia kalamu ya risasi, na huwa inafutika.

Na katikati ya nguzo kuna nini? Fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Nilicheka kwa sauti mpaka mlinzi akageuka. Nilikuwa na picha ya nyumba ya marehemu nyanya yangu, Kakamega, kwenye simu, pale ukutani ambapo udongo umebanduka fito zikaonekana. Nikamwonyesha. Aliikuza kwa vidole viwili, akaangalia ukuta, akairudia simu. Kuanzia hapo tulitembea sambamba. Kwa hiyo beba picha za nyumbani kwenu, hasa zile unazoona si za kuonyesha wageni.

Swali lililomfungua, binti yangu akitafsiri, lilikuwa hili: "Wewe ulikulia nyumba gani?" Akaninyooshea dirisha la ghorofa ya pili. Walikuwa wakikinga kwa ndoo maji ya mvua yaliyovuja. Miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Mashariki ilipanga kubomoa mji huo mkongwe ijenge wa kisasa, ila fedha zikakosekana. Mambo kama hayo huyapati kwenye kibao cha ukutani.

Mwulize na habari za wanawake. Mwaka 936 Otto wa Kwanza alianzisha pale nyumba ya masista kwa ajili ya mama yake, Mathilde, na wakuu wake, wote wanawake, waliutawala mji kwa karne nyingi. Wananchi walijaribu kumwasi mmoja wao mwaka 1477, wakashindwa, na sanamu ya Roland iliyokuwa alama ya uhuru wao ikaangushwa. Ilirudishwa 1869. Mwenyeji wangu aliigusa miguu akitabasamu, nikajua yuko upande wa nani.

Enzi za Hitler ni jambo jingine. Huko kanisani mlimani, Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Hitler, na watu wake walifanya ibada zao za siasa kuanzia 1936. Usiulize baba yake alikuwa wapi. Simama tu, nyamaza, akitaka atasema. Wangu alisema kidogo, na binti yangu hakunitafsiria yote.

Alasiri kuna kahawa na keki. Usikatae, na ukikaribishwa kwake vua viatu. La mwisho: usiseme "karibu Nakuru" kwa mazoea. Mimi nilisema. Akatoa kalenda mkobani, akaniuliza mwezi gani. Anafika Februari, na chumba cha wageni bado hakina hata dari.