Jinsi ya Kumwendea Aliyekukosea kwa Njia ya Injili

Kabla hujamwendea aliyekukosea, jichunguze kama wewe pia hukumkosea, kwa maana katika Mathayo 5:23-24 Yesu anamwagiza mtu aliyekwisha kufika madhabahuni aiache sadaka yake pale pale, aende kwanza apatane na ndugu yake, ndipo arudi kuitoa. Kisha fuata Mathayo 18:15, ukamwonye mkiwa ninyi wawili tu. Hatua hii ndiyo tunayoiruka mara nyingi, tukawasimulia wengine kwanza, na habari inapomfikia mwenzetu kwa mdomo wa mtu mwingine, huwa amekwisha kujihami.

Mkikutana, taja tendo lenyewe bila kumhukumu kuwa ni mtu wa namna gani. Mtazame Yesu mbele ya kuhani mkuu, katika Yohana 18:22-23: mtumishi mmoja anampiga kofi, naye harudishi kofi wala hanyamazi, bali anamtaka mtumishi huyo aushuhudie ubaya wa maneno aliyoyasema Yesu kama upo, na kama haupo, aeleze kwa nini anampiga. Kwangu mimi, hayo ndiyo maelezo bora ya kugeuza shavu la pili, yaani kukataa kulipiza kisasi huku uovu ukitajwa waziwazi.

Asipokusikiliza, rudi na mtu mmoja au wawili wanaoaminika na pande zote mbili. Akikataa tena, lipeleke jambo kanisani. Ikiwa mwenzako ni mtu wa kupiga, tafadhali usiende peke yako hata mara ya kwanza, kwa kuwa agizo la kuonana faragha halikutolewa ili aliyeumizwa aumizwe tena.